Uduvi Hutazamwa Wakishalowekwa

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwezi wa saba, mwanangu, baridi ya Iringa inauma mpaka kwenye kucha, nami nimesimama mlangoni kwa watu nimevaa sweta la kaka yangu juu ya gauni langu zuri, mkononi nimeshika jogoo. Jogoo huyo alikataa kabisa kunyamaza. Nilikuwa nimetoka naye kwetu Kilolo, milimani, alfajiri, juu ya lori la mbao, na njia nzima aliwika kana kwamba yeye ndiye anayekwenda kuolewa.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Bi Mwanaisha, mtu wa asili ya Pwani, muuza uduvi wa sokoni. Huyo ndiye aliyemzaa Idrisa, na Idrisa ndiye babu yako, Mungu amrehemu. Jina la Bi Mwanaisha ndilo tulilokupa wewe, kwa hiyo acha kunikunjia uso, vuta kigoda ukae hapa karibu na jiko, unisikilize. Hiyo hadubini yako haitakimbia.

Najua umekasirika. Jana jioni nilikusikia ukimwambia mama yako awapigie simu wale wazee wa Mbeya, washenga wa Faraji, wasijisumbue kupanda basi Jumapili. Mama yako akakuuliza kijana amekosa nini. Ukasema, "Hajakosa kitu, mama. Lakini wanaume wa Mbeya wote ni walewale." Halafu ukarudi kuinamia vichupa vyako vya uduvi. Sikusema neno, maana nilikuwa na tonge mdomoni. Leo sina tonge.

Wala sikulaumu sana. Yule wa kwanza, yule wa Mwanjelwa, hukohuko Mbeya, alikutenda. Mtu anakula kwetu, ananiita bibi, anakuahidi ndoa mbele ya wajomba zako, kisha wewe unakuja kuiona harusi yake kwenye simu ya rafiki! Nilimsema siku ile mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Ulipokonda, nani alikukorogea uji? Ulipolia, ulilia kwenye kitenge cha nani? Basi usidhani bibi yako hayajui maumivu yako. Ila Faraji siye yule, na hilo ndilo ninalotaka kulisema, kwa hiyo niache nilianzie mbali.

Tulikuwa wapi? Niko mlangoni na jogoo.

Idrisa alikuwa ameshanieleza kwamba mama yake hataki. Hanijui, hajaniona, hataki. Kisa ni kaka mkubwa wa Idrisa, aliyeoa msichana wa Igowole, huko Mufindi, na ndoa ile ikaisha vibaya. Yule dada alikuwa akimgombeza mumewe mpaka mtaa mzima unasikia. Siku moja aliumwaga uani mchuzi wa mkwewe, akasema unanuka. Mwisho, mume akiwa safarini, akakodi gari akabeba kila kilichokuwa ndani: vitanda, masufuria, mapazia, mpaka mbuzi ya kukunia nazi. Vitanda Bi Mwanaisha aliweza kuvisamehe. Hiyo mbuzi ya nazi ndiyo iliyomkaa rohoni. "Mtu wa milimani," alikuwa akimwambia kila mteja aliyesimama kumsikiliza, "nazi yenyewe haijui, mbuzi anaipeleka wapi? Anakunia viazi?" Tangu hapo akaapa kwamba hakuna mtoto wake mwingine atakayeoa msichana wa milimani. Wote ni walewale.

Umesikia? Hata maneno ni hayohayo. Ulirithi jina, ukarithi na ulimi.

Nikapiga hodi. Akanikaribisha kwa sauti tu, yeye mwenyewe hakuinuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka viatu, akamtazama na jogoo. Kisha akampokea jogoo. Alimfunga vizuri kwenye nguzo ya jikoni, akampa maji na pumba. Mimi aliniambia tu, "Kaa hapo mkekani." Niliona wivu, mwanangu, kumwonea wivu kuku! Kabla sijavuta pumzi, ungo ukawa mapajani mwangu. Ndiyo ilikuwa desturi ya nyumba ile, mgeni wa kike hakai mikono mitupu. Hata shangazi zao wakija kutoa pole ya msiba walipewa ungo, wakalia huku wanachambua.

Akamimina uduvi mpaka ungo ukajaa.

Sasa wewe umesoma Pwani. Umeingia baharini na miwani yako, umewaona uduvi wakiwa hai, wanarukaruka. Sisi watu wa Kilolo wakati ule bahari tuliijua ikiwa kavu. Kila kilichotoka huko kilitufikia ndani ya gunia, kimekakamaa, kina chumvi na vumbi la safari. Mimi nilidhani uduvi wanazaliwa hivyohivyo, wamejikunja. Usicheke! Wewe ulipokuwa mdogo uliyaona mashamba ya chai ya Mufindi ukauliza chai ya maziwa inachumwa wapi.

"Nichambulie," akasema Bi Mwanaisha. "Hao wamechanganyika. Uduvi waweke huku, wale wengine waweke huku. Natoka kidogo, nikirudi nikute umemaliza."

Hakusema hao wengine ni akina nani. Nami sikuuliza, niliogopa kuonekana mshamba. Akatoka, mimi nikainama, nikawatazama wale wadudu. Samahani, najua hutaki niwaite wadudu. Nikawatazama, na kwa kweli tofauti niliiona mara moja, wala haikunisumbua. Kuna waliokuwa wekundu wekundu, rangi ya waridi iliyopauka, na kuna waliokuwa weupe, karibu na rangi ya majani makavu ya mahindi. Moyo ukatulia. Nikaanza kazi, wekundu huku, weupe huku, vidole vinakwenda mbio. Maharage nimechambua tangu nikiwa na meno ya utotoni, njano mbali, madoa mbali, nyeupe mbali. Nikasema moyoni, mama huyu atanikoma leo.

Babu yako alipita dirishani akakohoa. Akarudi akakohoa tena. Ndiyo ilikuwa namna yake ya kuuliza mambo yanakwendaje. Nikamwashiria kwa mkono aende zake.

Bi Mwanaisha aliporudi alikuta mafungu mawili yamekaa sawasawa, hata vumbi nimelipeta pembeni. Akavaa miwani yake, ile iliyofungwa kwa uzi sikioni. Akashika fungu la wekundu, akaliinua karibu na pua, akaliweka. Akashika la weupe. Kisha akaanza kucheka. Alicheka yule mama, mwanangu, mpaka akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Nami nikacheka pia, nikidhani nimefaulu.

"Umechambua jua, mwanangu," akasema. "Uduvi hujawagusa bado."

Nikayatazama mafungu yangu. Uso ukapata joto, baridi yote ya Iringa ikanitoka.

"Hawa wekundu," akasema, "walichemshwa na chumvi huko walikotoka, ndipo wakaanikwa. Hawa weupe walianikwa wabichi. Na hawa walioiva kidogo walikuwa juu ya gunia, jua likawapiga njiani. Hiyo yote ni rangi ya safari. Mtu hazaliwi nayo, huipata njiani, na humtoka. Umewatenganisha ndugu wa tumbo moja kwa sababu mmoja alipanda lori la juani na mwingine la kivulini. Na humuhumu kwenye mafungu yako, wasio ndugu umewalaza pamoja."

Akachukua bakuli, akamimina maji ya vuguvugu kutoka kwenye birika, akatumbukiza kiganja kutoka kila fungu. "Tusubiri," akasema.

Tukasubiri. Yeye ndiye aliyeanza kuuliza, pole pole, macho kwenye bakuli. Kwetu tunalima nini. Mama anaendeleaje. Nani anamsaidia kupukuchua mahindi. Nikajibu, mwanzoni kwa woga, halafu nikajisahau nikamweleza habari za goti la mama na za mbwa wetu anayeogopa mbuzi. Nadhani alitabasamu, ila sikuthubutu kumtazama vizuri.

Maji yalipofanya kazi yake, wale uduvi walikuwa wamejinyoosha, na wekundu wakapauka. Usingejua tena nani alitoka fungu gani. Akachomoa pini kwenye ushungi wake, akamvuta mmoja ukingoni mwa bakuli. "Njoo karibu. Mtazame kichwani, katikati ya macho. Unaona nini?"

Nilikodoa macho. Palikuwa na kipembe chembamba sana kimetokeza mbele, kina meno meno.

"Kama msumeno," nikasema.

"Ndiyo. Huyo ni mtoto wa kamba. Angeachwa angefika kidole changu hiki. Wamemvua angali mchanga. Sasa huyu." Akavuta mwingine. Huyu kichwa chake kilikuwa laini, kipembe ni cha kubahatisha tu, msumeno hana. "Huyu ndiye uduvi. Ni mdogo, lakini ni mtu mzima, hapo ndipo ukubwa wake ulipoishia. Na miguu yake ya kutembelea ni michache, ile ya nyuma hana kabisa. Miguu inavunjika njiani, kwa hiyo usiitegemee sana. Kichwa hakidanganyi. Nikipata gunia lililojaa watoto wa kamba, nalirudisha. Mimi nauza uduvi, siuzi watoto."

Akanipa pini. Nikajaribu. Wa kwanza nilikosea, wa pili nilikosea, wa tatu nikapata. Akaguna, na mguno ule ulikuwa wa kuridhika.

Hapo ndipo likanitoka lile neno. Wallahi sikulipanga. Ulimi ulinitangulia.

"Mama," nikasema, "na mimi je? Mimi na yule wa Igowole, ulitutazama kichwa, au uliangalia rangi ya barabara tuliyokuja nayo?"

Lo! Kikohozi cha Idrisa nje kikakatika. Hata jogoo alinyamaza, kwa mara ya kwanza tangu Kilolo. Bi Mwanaisha akavua miwani, akaiweka mkekani. Nikaanza kulivuta sweta langu, nikijua kwamba sasa nafukuzwa, na Idrisa nimempoteza, na nitarudi nyumbani kumwambia mama kwamba nimejiharibia mwenyewe kwa mdomo wangu. Nilimpenda babu yako, mwanangu. Nilimpenda sana. Machozi yalikuwa karibu.

"Nani kakufundisha kuwajibu wakubwa?" akaniuliza.

"Nisamehe, mama."

"Sijakuambia uombe msamaha. Nimeuliza nani kakufundisha."

"Hakuna, mama. Umenifundisha wewe sasa hivi."

Akalitazama bakuli muda mrefu. Akayakoroga maji kwa kidole. Mwisho akasema, "Jumamosi ijayo uje tena. Na usiniletee jogoo mwingine, huyu ana kelele."

Basi nikawa naenda. Kila Jumamosi niliyopata usafiri nilikuwa pale, ungo mapajani. Hakuniambia ndiyo, hakuniambia hapana. Alikuwa akinitazama tu. Alitazama ninavyomjibu mtu nikiwa nimechoka, ninavyokula kikiwa kidogo, ninavyowasema watu ambao hawapo. Nami nilikuwa namtazama yeye. Nikaja kugundua kwamba ule ukali wake wa sokoni nao ulikuwa rangi ya safari. Chini yake alikuwepo mama aliyeogopa kumwona mtoto wake wa pili analia kama alivyolia wa kwanza. Hakuna zaidi. Ningekasirika siku ile ya kwanza nikaenda zangu, nisingemjua kamwe, na leo ningekuwa nawasimulia watu kwamba wanawake wa asili ya Pwani wote wana roho mbaya.

Ikafika asubuhi moja nimepiga hodi kama kawaida, na kabla sijatoa shikamoo nikasikia kutoka ndani, "Kamwene, mwanangu!" Salamu yetu ya Kihehe! Mama yule aliyezaliwa Iringa, akazeekea Iringa, na wala hakuwahi kumsalimu mtu kwa Kihehe, maana alijiona bado ni mtu wa Pwani, babu zake wamepita tu. Sijui alijifunzia kwa nani. Aliitamka vibaya, akaivuta huku na huku. Nilikaa chini palepale kizingitini nikalia. Yeye akanigombeza kwamba nazuia mlango.

Siku ya harusi, mbele ya wanawake wote, alinitolea mbuzi yake ya kukunia nazi, ile aliyoinunua baada ya ya kwanza kuondoka. Akasema, "Hii usitoke nayo humu ndani ila uwe umebebwa kwenye jeneza." Wanawake wakapiga vigelegele mpaka wapita njia wakasimama. Nikaishi naye mpaka siku yake ya mwisho, nami ndiye niliyemwosha.

Kuna jambo moja aliniambia akiwa mzee, tunachambua sisi wawili. Alisema, "Hata yule wa Igowole sikumloweka. Siku ya kwanza tu nilimpa nazi akune, akashindwa, nikamcheka mbele ya majirani. Pengine msumeno alikuwa nao, pengine hakuwa nao. Sikutazama." Akaendelea na kazi. Sijawahi kulisahau hilo.

Sasa turudi kwako, mke mwenzangu. Jana hiyohiyo mchana, kabla ya maneno yako ya jioni, ulinivuta kwenye hadubini yako unionyeshe uduvi wawili. Nikatazama weee, sikuona tofauti. Nikakuambia, "Si wote uduvi tu?" Ulinikasirikia! Macho yalikutoka. "Bibi, hakuna wote! Huyu ana doa moja jekundu kwenye shina la mkia, huyu madoa yake yamejipanga mstari. Na spiriti inafuta rangi, kwa hiyo siwezi kuamini doa peke yake, lazima nitazame umbo lake, kiungo kwa kiungo, mmoja mmoja." Nikafurahi, kwa kweli. Nikasema Bi Mwanaisha hajafa. Ukakaa na mnyama mmoja mdogo kuliko punje ya mchele tangu adhuhuri mpaka nikakuletea chai ikapoa. Jua lilipotua ukaja mezani, ukawachukua wanaume wa mkoa mzima, ukawatia kwenye kichupa kimoja, ukafunga kifuniko.

Haya, cheka. Nilijua utacheka.

Nasaha yangu, mwanangu, ni hii, na ni ndogo. Sikuambii umkubali Faraji. Mimi simjui vya kutosha kukuambia hivyo, amekuja hapa mara chache, alikula akashukuru, akaniuliza habari za kiuno changu, na hiyo ni adabu ya juu juu, hata tapeli anayo. Ninachokuambia ni umtazame. Waache wazee waje Jumapili, wanywe chai, waseme yao. Kuja kwao si ndoa. Kisha mpe muda na maji ya vuguvugu, rangi ya safari imtoke, nawe ikutoke ya kwako, maana na wewe umepigwa na jua, mwanangu, na wewe umebadilika rangi. Mwangalie akikasirika anafanyaje. Mwangalie anavyozungumza na asiyeweza kumfaa kwa lolote. Muulize maswali magumu, usiku wa kuamkia uamuzi usikukute bila majibu. Ukimkuta ana msumeno, mrudishe kwao bila aibu, na mimi na magoti yangu haya nitakusindikiza mpaka stendi kuhakikisha amepanda basi. Lakini usimrudishe kwa kosa la mwenzake. Ukifanya hivyo yule wa Mwanjelwa atakuwa amekuumiza mara mbili, na mara ya pili utakuwa umemsaidia wewe mwenyewe.

Nakuombea Mungu akupe macho haya uliyonayo ya kutazama vidogo, ayaongezee subira ya kungojea maji yafanye kazi. Akupe mtu atakayekutazama wewe hivyohivyo, mmoja peke yako, asikuite "wale". Akufungulie riziki huko baharini kwako na amani humu nyumbani kwetu. Na mimi anibakishe kidogo, nikuone.

Mbuzi ya kukunia nazi iko palepale nyuma ya mlango wa jikoni. Ni yako, awe Faraji, awe mwingine, asiwe yeyote. Sasa nenda kamwambie mama yako aiweke hiyo simu chini. Ukitoka huko, uninyanyulie birika: kuna uduvi wa kuloweka, na Jumapili tuna wageni kutoka Mbeya.